"Tunahitaji Michuki Mwingine." Sawa, Lakini wa Kazi Gani?

Mathree ikipanda juu ya njia ya wapita kwa miguu, lazima msee mmoja aseme: "Tunahitaji Michuki mwingine." Namuelewa kabisa. Wengi wetu tulikuwa watoto, ama hatukuwa tumezaliwa, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, lakini stori tumezipata kwa wazazi.

Februari 2004 sheria zake zilianza kufanya kazi: mkanda kwa kila kiti, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare kwa dereva na konda, hakuna abiria kusimama. Wenye matatu waligoma, watu wakaenda kazini kwa miguu. Michuki hakutetereka. Magari yalirudi, na abiria wakafunga mikanda.

Ilifanikiwa kwa sababu shida yenyewe ilikuwa rahisi. Sisemi ndogo, nasema rahisi: chanzo kilijulikana, dawa ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapana" na kumaanisha.

Lakini si kila shida iko hivyo. Angalia Thika Road, iliyojengwa upya kati ya 2009 na 2012. Pale amri ya waziri haiwezi kusimamisha daraja. Unaita wahandisi, wanapiga hesabu, unawasikiza. Ni kazi ngumu, ila jibu lipo kwa wenye ujuzi.

Halafu kuna shida ya tatu. Desemba 2007 Michuki huyo huyo alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa na nchi ikawaka. Siku hiyo hiyo amri ikatoka: hakuna matangazo ya moja kwa moja kwa redio na TV. Mbinu ni ile ile ya matatu. Lakini uvumi uliendelea kusambaa kwa SMS, na moto haukuzimika. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Kura, ardhi, ukabila na ukosefu wa kazi vilikuwa vimefungana fundo moja. Ukivuta uzi huu, ule mwingine unakaza.

Kofi Annan alipofika Januari 22, 2008, pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, hakuja na jibu mfukoni. Walianza na jambo ambalo pande zote zingekubali: vita viishe. Kisha misaada kwa waliofukuzwa makwao, kisha mgogoro wa urais. Mambo ya ardhi na kazi yakawekwa mwisho. Wajumbe walipokwama, Annan alibadilisha njia, akasimamisha vikao vyao na kwenda moja kwa moja kwa Kibaki na Raila. Februari 28 wakatia sahihi.

Hata hivyo, fundo halikufunguka lote. Ile ya kazi kwa vijana si tunaishi nayo mpaka leo?

Ndiyo maana naogopa mwanasiasa akisimama kwa jukwaa na kuahidi "mkono wa chuma" utamaliza umaskini wetu. Mkono wa chuma ulifunga mikanda, na shukrani kwa hilo. Lakini 2007 tuliujaribu kwa fundo, na watu walizikwa. Kiongozi akikuomba kura, muulize kwanza: hii shida unayotaka kutatua ni ya aina gani? Akikujibu kwa vitisho tu, hajaielewa.