Kamani, Si Mning'inio

Kuna kijikaratasi cha matangazo kinachozunguka katika maduka ya vipuri, kikimshauri mwenye pikapu ya kuvuta tela zito "aboreshe kusimamishwa kwa nyuma." Asiyejua asili ya maneno hayo atadhani kuna mtumishi aliyepewa barua kusubiri uchunguzi, naye amekaa nyuma ya gari. Mashine ya kutafsiri ilikutana na neno la Kiingereza *suspension*, lenye maana mbili, ikashika ile ya ofisini. Mashine naisamehe, haijawahi kulala chini ya gari. Nisioweza kuwasamehe ni binadamu waliokaa kikao, wakanywa chai, wakajadiliana, halafu wakatoka na "mfumo wa mning'inio."

Neno hilo nilikutana nalo katika rasimu ya istilahi za ufundi magari ambayo sitaitaja, iliyoandaliwa na kamati ambayo pia sitaitaja. Niliwaandikia barua ndefu, ya adabu, yenye hoja. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba "istilahi imezingatia vigezo." Vigezo gani, hawakusema. Hoja zangu naziweka hapa basi, mbele ya watu ambao angalau wanasoma.

Tuanze na chuma chenyewe. Chukua Land Cruiser 79, pikapu inayojulikana kuanzia mashambani hadi mbugani. Tangu ilipotoka mwaka 1999, mbele ina springi za koili. Nyuma imebaki na majani ya chuma yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, marefu juu, mafupi chini. Majani hayo yamefungwa kwenye ekseli kwa yubolti, na chesisi imekalia ncha zake mbili. Mzigo ukiingia, chesisi inasukuma chini, majani yanapinda. Mzigo ukitoka, yanarudi. Kitu gani kinaning'inia hapo? Watetezi wa mning'inio hunionyesha kile kipande kifupi kinachounganisha ncha ya nyuma ya jani na chesisi. Wangekitazama vizuri wangeona kwamba katika pikapu nyingi kipande hicho kinabanwa kati ya mzigo na jani, wala hakivutwi. Saa pekee ambayo kitu kinaning'inia ni pale fundi anapoliinua gari kwa jeki kwenye chesisi: ekseli inashuka, magurudumu yanaelea hewani. Kwa hiyo "mning'inio" ni jina zuri la gari lililo gereji, bovu.

Kosa hili lina historia, na historia yenyewe ni tamu kuliko kosa. Neno la Kiingereza na la Kifaransa linatokana na Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kutundika. Nalo halikuzushwa ovyo. Magari ya farasi ya Ulaya ya zamani yalikuwa na kasha la abiria lililotundikwa kwa mikanda minene ya ngozi kutoka kwenye nguzo za fremu, na kasha lilibembea kweli. Mwaka 1804 mtengeneza magari wa Uingereza, Obadiah Elliott, alipata hataza ya kuliweka gari juu ya springi za majani zenye umbo la duaradufu, na kasha likaacha kutundikwa, likakaa. Wazungu hawakubadilisha neno. Hiyo ni haki yao, maana kila lugha ina mabaki ya vitu vilivyokufa. Ila sisi hatukuwahi kupanda magari ya mikanda ya ngozi. Kutafsiri mabaki ya Waingereza kama ndiyo maana hai ya leo ni kurithi deni la marehemu asiye wa ukoo wetu.

Sasa angalia wale walioipa springi ya majani jina kwa kuitazama, si kwa kufungua kamusi. Mhispania anaiita *ballesta*. Mwitaliano anaiita *balestra*. Yote mawili ni jina la upinde wa vita, ule wa kufyatulia kwa mtambo. Mturuki huita springi yoyote *yay*, na neno hilo hilo ndilo lake la upinde wa kurushia mshale. Mwajemi ana *kaman*, upinde. Kutoka kwake Wahindi wakapata *kamani*, na hadi leo fundi wa malori wa India akisema kamani anamaanisha majani yale yale tunayoyazungumzia. Mataifa ambayo hayakukaa kikao kimoja yametazama chuma kilichopinda, kinachopokea nguvu na kuirudisha, yakaona upinde. Hii ndiyo istilahi: jina linalokuonyesha kitu kinavyofanya kazi kabla hujaelezwa.

Na sisi? Sisi tunalo tayari. Kamani limo katika kamusi za Kiswahili kwa maana ya springi ya mashine au ya saa, na wazee waliokuwa wakipeleka saa za ukutani kwa fundi wanalijua. Hata gari lenyewe, neno tunalolitamka kutwa bila kujiuliza, tulilipata kutoka Kihindi. Gari na kamani walivuka bahari ile ile. Mmoja tukampa nyumba ya ghorofa, mwingine tukamfungia ndani ya saa mbovu. Leo kamati inahangaika kutafuta mchumba wa gari huku jamaa yake amekaa sebuleni.

Wapinzani wangu wako makundi matatu, na nitawajibu kwa kadiri ya uzito wa hoja zao.

Kundi la kwanza linataka "taaliki," kwa kuwa Waarabu wa leo hutumia neno la mzizi huo. Ni kweli wanalitumia. Lakini nalo maana yake ni kutundika, kwa hiyo tutakuwa tumekwenda hadi Bara Arabu kuleta kosa lile lile likiwa limevaa kanzu. Tena mwandishi mmoja, msomi wa kutegemewa katika mambo mengine, aliwahi kudai kwamba taaliki ni ndugu ya talaka. Si ndugu. Talaka imeanza na *ta* nzito, mzizi wake ni kuachilia. Taaliki ina *ain* katika mzizi, nao ni kushikamana na kutundika. Mmoja anaachia, mwingine anashika. Anayechanganya hayo mawili asituandikie istilahi, na wala asifungishe ndoa.

Kundi la pili ni la "upinde," watu wazuri wenye mapenzi na Kibantu. Nawaheshimu. Lakini upinde una mvua, una mshale, una fidla, na sasa tuuongezee na Land Cruiser? Kamani inatupa wazo lile lile bila msongamano huo.

Kundi la tatu ndilo kubwa: wale wa springi. Wanasema mitaa imeshaamua. Fundi anasema springi, dereva anasema springi, na mimi mwenyewe nikiwa gereji nasema springi, sina unafiki. Ila sikilizeni mtaa unavyolitumia. Springi kwanza ni ile ya kusokotwa. Majani yanaitwa springi kwa nyongeza. Mfuko wa upepo unaitwa kifaa tu, tena cha anasa. Na kipande cha mpira kinachozuia chesisi kugonga ekseli hakina jina kabisa, kinaonyeshwa kwa kidole. Vitu vinne vyenye kazi moja vimetawanyika kama yatima. Tukiweka kamani pale juu, vinarudi nyumbani: kamani ya majani, kamani ya koili, kamani ya upepo, kamani ya mpira. Na jumla yake, pamoja na vinavyotuliza mtikisiko, ni mfumo wa kamani. Sihitaji kikao kuyapanga hayo.

Najua swali la mhariri: faida yake nini kwa mwenye tela? Faida ni fedha, na nitaieleza upesi, maana si kazi ya makala ya istilahi kuuza vipuri.

Mtu anafunga tela la kilo 3,500, uzito wa juu kabisa ambao Land Cruiser 79 inaruhusiwa kuvuta, tela likiwa na breki zake. Kwa desturi sehemu ya kumi ya uzito huo hukaa kwenye ndoano: kilo 350. Ndoano haiko juu ya ekseli, iko nyuma yake. Ikiwa umbali ni mita 1.2, na ekseli mbili zimeachana mita 3.18, basi ekseli ya nyuma haipokei kilo 350 bali karibu 480, na ya mbele inapungukiwa na kilo 130 hivi. Matako ya gari yanashuka, taa zinamulika matawi ya miembe, usukani unakuwa mwepesi isivyo kawaida na breki za mbele zinakosa uzito wa kushikia. Mwenye gari anakwenda dukani anasema: nataka kuboresha mning'inio. Muuzaji, kwa kuwa neno hilo linameza kila kitu, anamuuzia shokamzoba mpya nne. Gari linarudi barabarani likiwa limelala vile vile. Shokamzoba haibebi uzito. Inatuliza mneso tu. Angesema "kamani za nyuma zimelemewa," hata muuzaji mjanja angekosa pa kupitia.

Kisha kuna kuchagua kamani yenyewe. Ukiongeza majani mazito ya kudumu, gari litabeba, lakini siku lisipokuwa na tela litarukaruka kwenye barabara ya vumbi na magurudumu ya nyuma yatapoteza mshiko. Anayevuta tela kila siku avumilie hilo. Anayevuta mara mojamoja asijitese. Kwake yeye kamani ya mpira inafaa zaidi, au jani la akiba linaloguswa pale tu mzigo unaposhusha chesisi, kwa sababu gari likiwa tupu havifanyi kazi na havisumbui. Kamani ya upepo ndiyo inayopendwa na wenye magari ya kupendeza: unaongeza upepo ukiwa na tela, unapunguza ukilifungua. Nzuri, ila usiiache bila upepo kabisa, na kagua mipira yake. Tena kuna hatari ambayo watangazaji hawaiandiki. Majani huigawia chesisi mzigo kwenye ncha mbili zilizoachana. Mfuko wa upepo uliokaa juu ya ekseli huusukuma mahali pamoja. Pikapu za milango minne zenye sehemu ndefu ya nyuma, zikivuta tela zito kwenye barabara mbovu huku mifuko imejazwa hadi mwisho, zimewahi kupinda chesisi, na huko Australia jambo hilo linajulikana vizuri sana. Ikumbukwe pia kwamba kamani ya nyuma, ya aina yoyote, huinua matako ya gari lakini hairudishi uzito ulioondoka mbele. Kurudisha huo ni kazi ya ndoano maalumu ya kusawazisha mzigo, yenye vyuma vya kusukuma kutoka kwenye tela, au kazi ya kupanga mzigo upya ndani ya tela.

Na hakuna kamani inayobadilisha kilichoandikwa kwenye bamba la gari. Ekseli, matairi na breki vina kikomo chake. Hata malori makubwa, kwa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hayavuki tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne wala tani 56 kwa gari zima, yawe na kamani za majani au za upepo. Mizani ya Vigwaza au ya Mariakani haiulizi umefunga nini chini.

Nimeambiwa kwamba rasimu ile inakaribia kuchapishwa. Basi ombi langu ni kwa walio karibu na mtambo wa kuchapa kuliko mimi: wahariri wa vitabu vya ufundi, walimu wa vyuo vya ufundi stadi, na wale mafundi ambao huandika bei kwa chaki ukutani. Springi mwendelee kuisema, hakuna anayeikataza. Lakini pale mnapoandika kitabu, mtihani au mwongozo wa gari, andikeni *kamani*, na jumla yake *mfumo wa kamani*. Na mjumbe yeyote wa kamati anayetaka kuutetea mning'inio nitamjibu kwa furaha, mradi kwanza alale chini ya pikapu yenye mzigo, aninyooshee kidole kile kinachoning'inia.