Ukurasa Usio na Mwisho
Kufa na Kupona, riwaya ya Elvis Musiba ya 1974, niliisoma kwa zamu. Mwenzangu alikuwa akiingoja, kwa hiyo ilibidi niimalize. Kitabu kina mwisho, bwana!

Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu huko Marekani, alibuni ukurasa wa kompyuta unaojiongeza wenyewe kila ukishuka. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukatua Mombasa na Dar es Salaam. Baadaye intaneti ikaingia mifukoni.

Sasa nikishika riwaya, ukurasa wa tatu tu, kidole kinatafuta pa kusukuma. Eti vijana hatusomi? Twasoma kutwa! Ila njia yenyewe imeng'olewa vituo. Raskin mwenyewe amekwisha kusema hadharani kwamba anajuta.