SEO kwa Kiswahili: Kinachoboreshwa ni Tovuti, si Injini

Muulize kijana yeyote anayetengeneza tovuti Dar es Salaam au Nairobi kama anaijua SEO. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwombe sasa aitaje kwa Kiswahili. Hapo atasita, kisha atakupa tafsiri inayozunguka kwenye matangazo ya mafunzo: "uboreshaji wa injini ya utafutaji". Tafsiri hiyo imefuata Kiingereza, "search engine optimization", neno kwa neno, na kasoro yake ni kubwa kuliko ufupi au urefu. Haisemi kweli. Hakuna mwenye tovuti anayeboresha injini ya utafutaji. Injini ni mali ya Google, au ya Microsoft kwa upande wa Bing, na wanaoiboresha ni wahandisi wao waliolipwa kwa kazi hiyo. Mwenye tovuti huboresha kilicho chake.

Kiingereza hubandika maneno bega kwa bega bila kihusishi, na msomaji hujijazia mwenyewe nini kinahusiana na nini. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Ile "wa" iliyo katikati lazima imtaje mwenyewe: uboreshaji wa barabara, kinachoboreshwa ni barabara, uboreshaji wa injini, kinachoboreshwa ni injini. Kwa hiyo mimi nimechagua kuandika "uboreshaji wa tovuti kwa utafutaji". Mtu angeweza pia kuchukua tafuta, akaipeleka kwenye kauli ya kutendeka ikawa tafutika, akapata "utafutikaji". Kisarufi hana kosa, ila sidhani kama kuna mteja atakayelitamka mara mbili. "Uonekanaji" ni jepesi, lakini linataja matokeo na kuificha kazi.

Jambo hili lingekuwa la wanaisimu peke yao kama lisingegusa mifuko ya watu. Anayeamini kwamba SEO ni kitu kinachofanywa kwenye injini huamini pia kwamba kuna fundi mwenye njia yake huko ndani. Ndiyo asili ya ile kauli ya mjini, "nakupandisha Google ukurasa wa kwanza ndani ya wiki moja, lipa nusu kwanza". Google yenyewe imeandika wazi katika mwongozo wake kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Matangazo yanauzwa, na huwekewa alama ya kuonesha kuwa yamelipiwa. Matokeo ya kawaida yaliyo chini yake hayauzwi.

Injini zenyewe zimeanza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitengeneza Archie, programu iliyokusanya majina ya mafaili yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta za mbali ili mtu aweze kuyatafuta. Hicho ndicho huhesabiwa kuwa chombo cha kwanza cha kutafuta kwenye intaneti. Miaka minane baadaye Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, walianzisha Google juu ya wazo moja la msingi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zile zenye heshima, una uzito kuliko usiotajwa na yeyote.

Kazi ya injini ina hatua tatu, na kwa bahati nzuri Kiswahili kina maneno mazuri kwa hatua hizo. Kwanza hutuma roboti ipite kwenye kurasa, ikifuata kiungo baada ya kiungo. Wengine huiita buibui, neno ambalo kwa watu wa pwani huleta picha ya vazi jeusi kabla ya mdudu, kwa hiyo roboti inatosha. Pili, ilichosoma hukiweka kwenye faharasa. Hapa hatuhitaji kuazima chochote: faharasa ni ile orodha ya maneno nyuma ya kitabu inayokuambia neno fulani liko ukurasa wa ngapi, na injini hufanya vivyo hivyo kwa mabilioni ya kurasa. Tatu, mtu anapoandika swali, injini huenda kwenye faharasa, huchagua kurasa zinazofaa na kuzipanga. Wengi hufikiri Google hukimbia mtandaoni kutafuta papo hapo. Hapana, hutafuta ndani ya faharasa yake. Ukurasa usioingia humo haupo, hata ukiwa umekugharimu milioni kadhaa.

Basi hatua ya kwanza ya tovuti mpya ni kuhakikisha mlango haujafungwa kwa ndani. Tovuti nyingi za kwetu hutengenezwa kwa WordPress. Humo, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachoziomba injini zisiiingize tovuti kwenye faharasa. Fundi hukitiki wakati anajenga, kwa sababu ya maana kabisa, maana hataki kazi ambayo haijakamilika ionekane. Kisha hukabidhi kazi, hulipwa, huondoka, na tiki hubaki palepale. Kuna pia faili dogo liitwalo robots.txt, lililobuniwa mwaka 1994, linaloziambia roboti wapi zisipite. Mstari mmoja uliokosewa humo unaweza kuzuia tovuti nzima.

Baada ya hapo fungua akaunti ya bure ya Google Search Console, thibitisha kuwa tovuti ni yako, na wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako zote. WordPress hulitengeneza yenyewe. Bing nayo ina huduma kama hiyo. Hii ni kazi ya nusu saa na haina haja ya kuelezwa zaidi.

Penye utajiri ni kwenye maneno. Kwenye mafunzo huitwa "maneno muhimu", nami huuliza: muhimu kwa nani? Mwenye tovuti hudhani ni yale anayoyaona yeye kuwa na uzito. La hasha. Ni yale anayoyaandika mtafutaji, kwa tahajia yake, kwa haraka yake, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. "Maneno ya utafutaji" yangesema hivyo bila kuzunguka.

Chukua fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, mtaa unaojulikana kwa makochi na vitanda. Katengenezewa tovuti. Kichwa cha ukurasa, yaani yale maandishi ambayo kwa kawaida Google huyaonesha kwa rangi ya kiungo kwenye matokeo, kinasema "Mwanzo". Juu kabisa kuna picha kubwa inayobadilikabadilika, na ndani ya picha hiyo maneno yamechorwa: "Samani bora kwa bei nafuu". Chini yake, "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora". Kila picha ya kitanda ina jina ililotoka nalo kwenye kamera, herufi nne na tarakimu. Bei hakuna, kuna maelekezo ya kuja inbox.

Sasa mteja wa Kimara anaandika nini? Anaandika "bei ya kitanda cha mninga", au "kitanda 5 kwa 6", au "makochi ya kisasa Dar", au "kabati la nguo milango mitatu". Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye tovuti ya fundi wetu. Yale yaliyochorwa ndani ya picha siku hizi injini inaweza kuyabahatisha, lakini si jambo la kulitegemea. Neno "samani" ni zuri, linafundishwa shuleni na limo kwenye zabuni za serikali, ila anayetaka kununua mara nyingi huandika fanicha, na mara nyingi zaidi hutaja kitu chenyewe. Vivyo hivyo kwa fundi anayeandika jokofu kila mahali huku jirani zake wote wakitafuta "fundi friji". Sisemi tulitupe neno jokofu. Yatumie yote mawili, kila moja mahali linapokaa vizuri kwenye sentensi, na usitegemee injini ijue kwamba seremala, useremala na maseremala ni ukoo mmoja.

Tiba yake ni ya wazi. Kila aina ya bidhaa ipewe ukurasa wake. Ukurasa wa vitanda uwe na kichwa kama "Vitanda vya mninga 5 kwa 6 na 6 kwa 6, Keko, Dar es Salaam". Kikizidi sana herufi 60 huelekea kukatwa kwenye matokeo. Maelezo mafupi ya ukurasa, sentensi mbili tu, yaseme mbao gani, vipimo gani, bei inaanzia shilingi ngapi na kama mzigo unapelekwa hadi mlangoni. Maelezo hayo hayapandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abofye, ingawa Google huweza kuonesha sentensi nyingine ya ukurasa ikiona inajibu swali vizuri zaidi. Picha ipewe jina la kitu, "kitanda-mninga-5-kwa-6", na iandikiwe maelezo yake kwa maneno, ambayo humsaidia pia asiyeona anayesikiliza ukurasa ukisomwa na simu. Picha yenyewe ipunguzwe uzito. Picha ya simu yenye megabaiti nne inaweza kushuka hadi kilobaiti mia mbili bila mnunuzi kugundua tofauti, ila bando lake litagundua. Na bei iandikwe. Roboti haiji inbox.

Ukitaka kujua watu wanaandika nini, huhitaji mtaalamu. Anza kuandika "bei ya kitanda" kwenye Google, uache hapo, utazame mapendekezo yanayoshuka chini. Hayo yanatokana na yale ambayo watu wamekuwa wakiyatafuta. Tovuti ikishakaa muda, ile Search Console itakuonesha maneno yaliyowaleta watu kwako, na mara nyingi utashangaa.

Kuhusu lugha, Google imekwisha kusema kwamba huitambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yake. Ukurasa wenye aya moja ya Kiswahili, vitufe vya Kiingereza na tangazo la Kiswanglishi huipa kazi bure. Andika ukurasa mzima kwa Kiswahili. Kama una wateja wa nje, tengeneza wa Kiingereza kando, na fundi wako aziunganishe kurasa hizo mbili kwa alama ya lugha.

Kuna mambo yaliyokwisha kufa ambayo bado yanauzwa kwa wateja. La kwanza ni kile kisehemu cha siri cha ukurasa kilichokuwa kikijazwa orodha ya maneno muhimu. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haikitumii katika kupanga matokeo, na bado kuna mafundi wanaokitoza ada. La pili ni kurudiarudia neno moja mpaka sentensi ichoshe: "kitanda bora, kitanda Keko, kitanda bei, kitanda". La tatu ni kununua viungo. Wazo lile la Page na Brin liliwafundisha wajanja kutengeneza tovuti uchwara zinazotajana, na mwaka 2012 Google ikaleta marekebisho yaliyoitwa Penguin, yaliyozishusha vibaya tovuti nyingi zilizoishi kwa mbinu hiyo. Kiungo kimoja kutoka kwa mbunifu wa nyumba aliyewahi kukupa kazi kina faida kuliko mia tano vya kununua.

Vilivyo hai ni vichache na havina maajabu. Tovuti iwe na ule ulinzi wa https, ambao tangu 2014 nao huhesabiwa, ingawa kwa uzito mdogo. Isomeke vizuri kwenye simu, kwa kuwa toleo la simu ndilo Google inalolisoma kwanza siku hizi. Karakana isajiliwe kwenye ramani ya Google, ambako ni bure, na jina, namba na mahali viandikwe kwa namna ileile kama kwenye tovuti. Kwa biashara ya mtaa, mimi ningeanza na ramani hata kabla ya tovuti.

Muda nao una sehemu yake. Badiliko moja huweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya miezi kadhaa, na tovuti changa isiyotajwa na yeyote hukaa upande wa miezi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamlipa mtu yeyote anayekuahidi ukurasa wa kwanza, fanya jaribio hili bila gharama: fungua Google, andika site: na bila kuacha nafasi ubandike anwani ya tovuti yako. Usipotokea ukurasa hata mmoja, mwite aliyeijenga akaangalie tiki na robots.txt. Zikitokea kurasa zote huku wateja hawaji, hiyo si kazi ya fundi tena. Kaa chini uandike upya maneno yako.