Somo la Historia: Jina la Kundi

Leo tutajifunza habari za Henri Tajfel, mtu aliyetaka kujua kwa nini watu hupendelea kundi lao.

Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alipokuwa kijana alikwenda Ufaransa kusoma. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, aliingia jeshi la Ufaransa, na mwaka 1940 akatekwa na Wajerumani. Walijua ya kuwa ni Myahudi, lakini walimdhani Mfaransa, wakamweka pamoja na mateka wengine wa jeshi lile. Kama wangalijua kwao ni Poland, yamkini wangalimwua. Basi alificha jambo hilo mpaka mwaka 1945. Fikirini: mtu ni yule yule, lakini jina moja la kundi lamponya, na jingine lamwua.

Alipofunguliwa, alikuta karibu jamaa zake wote wa Poland wameuawa na Wanazi. Akafanya kazi ya kuwasaidia watoto yatima wa vita.

Mwaka 1951 alikwenda Uingereza, akaanza kusoma saikolojia, yaani elimu ya nia na mwenendo wa watu. Alisoma katika chuo cha Birkbeck, London, kinachojulikana kwa kuwafundisha watu wazima jioni, baada ya kazi. Naye alikuwa mtu mzima wa miaka 32. Mwaka 1967 akawa profesa katika mji wa Bristol.

Huko aliwaita wavulana 64 wa shule moja. Waliangalia picha za nukta, wakakisia idadi yake. Kisha wakagawanywa makundi mawili. Baadhi yao waliambiwa kundi hili ni la waliokisia nyingi, na hili ni la waliokisia chache. Kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu tu! Halafu kila mmoja, peke yake, aligawa pointi ambazo zingebadilishwa kuwa fedha. Hakujigawia mwenyewe. Aliwagawia wengine, na alijua namba zao na kundi lao tu.

Sasa chukueni kalamu, mwandike mistari hii ya jaribio jingine la aina hiyo:

Mwenzangu 19, wa kundi lile 25.
Mwenzangu 7, wa kundi lile 1.

Mstari wa kwanza wampa mwenzako fedha nyingi. Mstari wa pili wampa chache, ila anamzidi yule mwingine. Kati ya mistari hiyo palikuwa na mingine mingi ya kuchagua. Wavulana walijali haki kidogo, lakini wengi waliwapendelea wenzao. Tena mara nyingi walikubali wenzao wapate kidogo, mradi wale wengine wapate kidogo zaidi.

Hapakuwa na ugomvi wa shamba wala wa ng'ombe. Palikuwa na jina tu. Tajfel alitangaza habari hizo mwaka 1970. Mwaka 1979 yeye na John Turner walieleza ya kuwa mtu hupata sehemu ya heshima yake kutoka kundi lake, kwa hiyo hutaka lizidi mengine. Tajfel alikufa mwaka 1982.

Kupendelea kwa pointi si kuua. Lakini ni mbegu, na watawala waovu hujua kuimwagilia maji.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Tajfel alificha kwao?
2. Wewe ungechagua mstari upi? Kwa nini?
3. Ni lini ulimpendelea mtu kwa jina la kundi lake tu?