Miti ya Misitu ya Nchi za Joto: Wingi wa Aina na Uadimu Wake

Misitu ya nchi za joto, yaani ile iliyomo baina ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni na yenye kupata mvua ya kutosha, ndiyo makao ya aina nyingi za miti kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia. Na ajabu yake haiko katika wingi huo peke yake, bali katika namna wingi wenyewe ulivyogawanyika, kwani aina chache huujaza msitu ilhali aina nyingi mno zina miti michache iliyotawanyika huku na huko. Mwanazuoni Mwingereza Alfred Russel Wallace, aliyesafiri Amazoni tangu 1848 hadi 1852 na baadaye akakaa miaka minane katika visiwa vya Malay, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1878, akabainisha kuwa mtu akishauona mti mmoja katika misitu hiyo, mwenziwe wa aina hiyohiyo aghalabu yuko mbali. Tangu wakati huo wataalamu hawakuacha kuuliza sababu, na katika majibu yaliyotolewa hakuna hata moja lililolishinda jingine kiasi cha kulifuta.

Hesabu za aina

Makadirio yaliyotangazwa mwaka 2015 na jamii ya wataalamu wa mataifa mengi yasema kuwa misitu ya nchi za joto ina aina za miti zisizopungua 40,000, na huenda zikafika 53,000. Amerika peke yake, na kadhalika Asia pamoja na visiwa vya Pasifiki, kila upande una baina ya 19,000 na 25,000, hali Afrika yapata 4,500 hadi 6,000 tu.

Elimu iliyo yakini zaidi imetoka katika viwanja vya kudumu, ambavyo ndani yake kila mti wenye unene wa sentimita moja na kuendelea hupimwa, hupewa nambari, na kurudiwa kila baada ya miaka mitano au karibu na hapo. Kiwanja mashuhuri kuliko vyote ni cha kisiwa cha Barro Colorado, nchini Panama, chenye hekta 50, kilichoasisiwa mwaka 1980 na Stephen Hubbell na Robin Foster, na ndani yake mna aina zipatazo 300. Pasoh, katika Malaysia, hekta kama hizo zina aina zaidi ya 800, na Lambir, Sarawak, hekta 52 zina karibu 1,200. Korup, nchini Kameruni, haifiki 500. Msomaji azingatie kuwa mgawanyo ndani ya viwanja hivyo ni ule ule kila pahali: aina chache huwa na miti maelfu, na nyingi za zilizobaki huwa na miti michache.

Mwaka 2013 Hans ter Steege na wenziwe walikadiria kuwa bonde lote la Amazoni lina miti bilioni 390 ya aina 16,000, na kwamba aina 227 tu zinachukua nusu ya miti hiyo. Mwaka 2024 uchunguzi mpana zaidi, uliojumuisha Afrika, Amazoni na Asia ya Kusini Mashariki, ulionyesha kuwa maeneo yote matatu hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa kuwa asilimia 2 na ushei ya aina hufanya nusu ya miti katika kila moja. Kwa hiyo uadimu, ambao mtu wa kawaida huudhania kuwa ni dalili ya udhaifu au ya mti unaokaribia kutoweka, ndiyo hali ya kawaida ya mti wa nchi za joto, na wingi ndio wa kutafutiwa sababu.

Sababu zilizotajwa

Mvua na historia. Alwyn Gentry, aliyehesabu miti kwa bidii isiyo na kifani katika Amerika ya Kusini, alidhihirisha kuwa aina huongezeka kadiri mvua inavyoongezeka na kiangazi kinavyofupika, na huko Peru alipata hekta moja yenye aina zinazokaribia 300. Ardhi nayo ina taathira yake: katika Panama, kiasi cha fosforasi udongoni pamoja na urefu wa kiangazi huamua pakubwa mti gani uote wapi. Afrika, ambayo mtaalamu Paul Richards aliitaja kuwa imekaa kando na mabara wenziwe kwa uchache wa aina, ilipatwa na ukame mkubwa nyakati za barafu, misitu yake ikasinyaa ikabaki mafungu mafungu, na miti mingi ambayo haikuweza kustahimili ikatoweka pasipo kurudi.

Maadui wa mbegu. Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kwa njia yake, walitoa hoja kwamba chini ya mti mama ndipo wadudu, kuvu na maradhi ya aina hiyo yanapokusanyika, na kwa hiyo mbegu zinazoanguka hapo huangamia, hali zile zilizochukuliwa mbali na ndege, popo au wanyama hupata salama. Hivyo pahali palipoachwa wazi karibu na mti huchukuliwa na mti wa aina nyingine. Hoja hii imepata ushahidi mzuri. Nchini Belize, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2014, vijieneo vilivyonyunyizwa dawa ya kuua kuvu vilipungua aina za miche, na hilo ladhihirisha kuwa viumbe ambavyo watu huviita viharibifu ndivyo vinavyolinda wingi wa aina. Katika Barro Colorado ilionekana mwaka 2010 kuwa miche ya aina adimu hudhurika zaidi ikiwa karibu na jamaa zake kuliko miche ya aina zilizoenea, na pengine hapo ndipo sehemu ya siri ya uadimu ilipo.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni mvule (Milicia excelsa), mti wa mbao uthaminiwao sana. Wataalamu wa misitu walipojaribu kuupanda kwa mistari kama inavyopandwa misonobari, mara nyingi walishindwa, kwa sababu mdudu aitwaye kitaalamu Phytolyma huingia katika machipukizi, akayafanya yavimbe vinundu na kuoza, na akishaupata mche mmoja hupita kwa jirani zake wote. Mvule uliotengana na wenziwe msituni hunusurika. Mvule uliosongamana nao huteketea.

Misukosuko. Mwaka 1947 mtaalamu wa misitu William Eggeling alieleza msitu wa Budongo, nchini Uganda, kuwa una daraja tatu: kwanza musizi (Maesopsis eminii) unaoivamia nyika, kisha msitu uliochanganyika wenye aina nyingi kupita zote, na mwishowe msitu wa muhimbi (Cynometra alexandri), mti mgumu wenye kuvumilia kivuli, ambao huzisonga aina nyingine. Connell alizichukua takwimu hizi mwaka 1978 akazifanya nguzo ya hoja yake kuwa msitu hutajirika kwa aina pale misukosuko inapokuwa ya wastani, si mingi ya kuua wala si haba ya kuwaachia wenye nguvu watawale. Inastahili kukumbukwa kuwa hoja iliyosomeshwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima ilipata sehemu ya ushahidi wake katika hesabu za msitu mmoja wa Bunyoro. Douglas Sheil, aliyerudi kuvipima viwanja vya Eggeling miongo mingi baadaye, alionyesha kuwa mambo yalikuwa na mafumbo zaidi ya hayo.

Bahati. Hubbell, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alidai kuwa miti yote yaweza kuhesabiwa kuwa sawa katika nafasi yake ya kuzaa na kufa, na kwamba aina huenea au hupungua kwa bahati tu. Nadharia hii ilipingwa vikali, lakini hesabu zake hulingana na viwanja vingi.

Msitu wa mbau

Hakuna mfano unaozitia hoja hizi katika mtihani mkubwa kuliko msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya njiani na sokoni. Huko mti Gilbertiodendron dewevrei, uitwao mbau, huchukua zaidi ya nusu ya miti mikubwa, na pahali pengine karibu dari yote ya msitu ni yake. Na hatua chache tu kutoka hapo, pasipo tofauti kubwa ya udongo wala mvua, huanza msitu uliochanganyika ambamo hakuna aina inayotawala. Terese Hart na John Hart, waliofanya kazi miaka mingi katika eneo la Epulu, walitafuta sababu katika ardhi na hawakuipata ya kutosheleza. Wakaelekea maumbile ya mti wenyewe.

Mbegu ya mbau ni kubwa na nzito, haipeperushwi na upepo, huanguka chini ya mama yake na kuota papo hapo; miche yake huvumilia kivuli kizito ambacho miche mingine haikiwezi; majani yake huanguka yakafanya tabaka nene lisilooza upesi, na mbegu ndogo za miti mingine hushindwa kulipenya; na mizizi yake imeshikamana na kuvu ambazo huupatia mti chakula kutoka udongoni. Zaidi ya hayo, katika miaka fulani miti huzaa kwa wingi pamoja, wanyama wakala wakashiba na mbegu nyingi zikabaki. Basi mbau umezivunja kanuni za Janzen na Connell kwa njia ya kushangaza, kwani unastawi hasa pale ambapo ungalitazamiwa ufe. Lakini kuenea kwake ni kwa polepole sana, kwa kuwa mbegu haiendi mbali, na huhitaji karne nyingi za utulivu ili uutawale msitu; basi palipokuwa na misukosuko mbau haukupata nafasi. Viwanja vilivyowekwa Lenda na Edoro, hekta 40 kwa jumla, viliasisiwa katika miaka ya 1990 ili kuzilinganisha hali hizo mbili, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyotangazwa mwaka 1992.

Sura za uadimu

Deborah Rabinowitz mwaka 1981 alibainisha kuwa mti waweza kuwa adimu kwa sababu tatu: eneo lake ni dogo, mahitaji yake ya pahali ni mahususi, au idadi yake ni chache popote ulipo. Mvule umeenea kutoka Afrika ya Magharibi hadi Msumbiji, lakini popote ulipo ni wa kutafutwa. Kinyume chake, Cephalosphaera usambarensis, mti mkubwa wa jamii ya kungumanga, haupatikani ila katika milima michache ya Tanzania, lakini katika Usambara Mashariki ni miongoni mwa miti iliyo mingi.

Tao la Mashariki na misitu ya pwani

Milima ya Tao la Mashariki, iliyopangana kuanzia Taita, Kenya, kupitia Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na hata nyakati ambazo bara lilikauka misitu yake iliendelea kuishi. Kwa hiyo miti iliyobaki huko na isiyoonekana pengine popote ni mingi. Tessmannia princeps, mti wa Udzungwa ufikao mita 40, ulipewa jina la kitaalamu mwaka 2025 tu, na mikubwa yake inakadiriwa kuwa kama mia moja.

Misitu ya pwani imekatwa zaidi. Erythrina schliebenii, uliokusanywa miaka ya 1930 huko Lindi, ulitangazwa mwaka 1998 kuwa umetoweka, ukaonekana tena mwaka 2001, msitu wake ukafyekwa kwa ajili ya mashamba ya mafuta ya mimea, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena katika wilaya ya Kilwa. Karomia gigas, uliogunduliwa pwani ya Kenya mwaka 1977 na mti wake ukakatwa, nao waonekana Tanzania kwa idadi ndogo kabisa. Upande wa Kenya, makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, yaliyolindwa kwa mila na tangu 2008 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia, yamehifadhi miti ambayo imekwisha kila pahali kuyazunguka.

Manufaa

Miti ya misitu hii huwapa watu mbao, dawa, na mafuta ya mbegu za Allanblackia. Sandarusi, yaani utomvu wa msandarusi, ilikuwa bidhaa kubwa ya Unguja katika karne ya 19.

Hali ya sasa

Ripoti ya mwaka 2021 ilitaja aina 17,500 za miti duniani kuwa hatarini. Katika Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti mwaka 1902, musizi, mti ule ule wa Budongo, uitwao huko mhesi, uliletwa na kupandwa; hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na pale palipokatwa mbao katika milima hiyo sasa ndio ulioenea. Wataalamu wanajadili kama utazeeka ukaiachia nafasi miti ya asili, kama Eggeling alivyoeleza kwa Budongo, au kama utakaa.