Metali isiyolipiwa: koltani ya Butembo

Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda kutoka takriban dola 30 hadi zaidi ya 300 kwa ratili, na wachimbaji wa koltani wakamiminika katika misitu ya Manguredjipa, magharibi ya mji wa Butembo, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Kisa hicho husimuliwa kama sura ya vita, na ni kweli: jeshi la Uganda na waasi walioshika Butembo na Beni walinufaika na madini. Hata hivyo vita pekee havielezi bei aliyolipwa mchimbaji. Koltani hubeba metali mbili, tantali na niobi. Wanunuzi walilipa kwa asilimia ya tantali, na kwa kawaida niobi ilivuka mpaka katika gunia lilelile bila kulipiwa. Wala si kwamba watu hawakuijua biashara. Wafanyabiashara Wanande waliojenga Butembo kwa mali ya Dubai na Hong Kong walijua bei ya kila kitenge; walichokosa ni kipimo cha jiwe lao wenyewe.

Niobi hiyo sasa inatafutwa kwa ajili ya betri za lithiamu. Betri ikichajiwa, ayoni za lithiamu huingia katika anodi, ambayo kwa kawaida ni grafiti. Zikisukumwa haraka mno, hujikusanya juu ya grafiti kama metali na kuhatarisha betri. Oksidi ya niobi huzipokea kwa volteji ya juu zaidi, hivyo hatari hiyo hupungua, na chembe zikisagwa hadi kiwango cha nano njia ya ayoni huwa fupi. Gharama yake ni kwamba betri hubeba nishati pungufu kwa uzito uleule. Toshiba ya Japani inatengeneza anodi za titani na niobi, na ilishirikiana na kampuni ya niobi ya CBMM ya Brazili.

Hapo ndipo pingamizi zito lilipo: Brazili hutoa sehemu kubwa ya niobi ya dunia, kwa wingi na kwa gharama nafuu, basi magunia ya Manguredjipa yana uzito gani? Kama chanzo cha niobi, mdogo sana. Lakini hoja yangu ni bei ya jiwe, na hata nyongeza ndogo humhusu aliyelichimba. Wengine watasema maabara ya kupimia jiwe hilo ni anasa pasipo umeme wa uhakika. Kipimo cha mkononi cha eksirei, hata hivyo, hutumia betri, na husoma tantali na niobi pamoja kwa dakika chache. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989. Upimaji wa wazi, kabla mzigo haujauzwa, ungeweza kuanzia hapo.