Stenti Moja au Mbili Penye Njia Panda ya Mshipa wa Moyo

Ateri za moyo hupenda kuziba pale zinapogawanyika. Damu ikifika kwenye njia panda, mtiririko wake hulegea kandokando ya kuta za nje, na hapo ndipo mafuta hujijenga. Stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachotanuliwa kwa puto, huzibua mshipa mkuu, ila huweza kuubana mdomo wa tawi.

Mbinu ya msingi ni kuanza na stenti moja. Waya mwembamba huingizwa katika kila mshipa, kisha stenti hutanuliwa katika mshipa mkuu, ikivuka mdomo wa tawi. Kwa kuwa mshipa ni mpana zaidi kabla ya kugawanyika, puto fupi na nene hujazwa sehemu ya juu ili chuma kishike ukuta vizuri. Hatua hiyo ni ndogo, lakini anayeiruka huacha stenti ikielea. Damu ikipita vyema kwenye tawi, kazi imekwisha. Isipopita, stenti ya pili huongezwa.

Wengine hupanga stenti mbili tangu mwanzo. Mbinu ya T ni rahisi, ila huweza kuacha pengo mdomoni mwa tawi. Ile ya krashi, iliyoelezwa na Antonio Colombo wa Italia na wenzake mwaka 2003, hubandika ncha ya stenti ya tawi ukutani mwa mshipa mkuu. Kasoro yake ni ugumu wa kupenyeza waya upya katika tabaka za chuma. Shao-Liang Chen wa Nanjing, China, aliirekebisha kwa kutanua puto mbili kwa pamoja katika hatua mbili tofauti.

Majaribio yanaonekana kupingana. DKCRUSH-V (2017), kwenye ateri kuu ya kushoto, lilikuta matibabu yakishindwa ndani ya mwaka kwa asilimia 5.0 ya waliofanyiwa krashi ya Chen, dhidi ya 10.7 ya walioanza na stenti moja. EBC MAIN (2021) la Ulaya halikuona tofauti ya uhakika. Lakini ugonjwa ndani ya tawi ulikuwa mrefu zaidi katika DKCRUSH-V, na hapo ndipo penye jibu: tawi dogo, au lililoathirika mdomoni tu, linatosheka na stenti moja, tawi kubwa lililoziba sana kwa milimita 10 au zaidi linastahili mbili, mikononi mwa daktari aliyeizoea kazi hiyo.